Ng'ombe wa Vigezo Kumi na Kimoja

Nilikwenda Handeni kwa kazi ya miezi mitatu, nikakaa miaka minne. Nyumbani kwetu ni Masuguru, Korogwe. Mama alikuwa akinikuta barazani kila asubuhi na kompyuta mapajani, na kila asubuhi aliuliza, kwa upole lakini bila kuruka siku, kama masomo yale yalikuwa na kazi mwisho wake. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka ule. Nilijua kuandika programu zinazoulizana maswali na programu nyingine, na katika mtaa wetu hapakuwa na mtu mwenye programu hata moja iliyohitaji kuulizwa.

Aliyeniajiri alikuwa bwana mifugo wa zamani. Serikali ilipopunguza wafanyakazi na majosho yakaachwa yakauke, yeye hakurudi kijijini kulalamika. Alifungua duka la dawa za mifugo Chanika, pale Handeni mjini, akawa wa kwanza kuuza dawa ya kupe kwa chupa ndogo ambayo mtu aliweza kuitia mfukoni. Wafugaji walimwamini kwa sababu aliwahi kuwachanjia ng'ombe bure, na alikumbuka ng'ombe kuliko alivyokumbuka watu. Nyuma ya kaunta yake kulikuwa na daftari nene lenye jalada gumu. Humo aliandika mifugo iliyopotea na iliyookotwa, kutoka tambarare za Handeni hadi bonde la Mto Pangani upande wa Korogwe. Mtu akipotelewa alikuja kuandikisha. Mtu akiokota naye alikuja. Mzee aliwakutanisha.

Lakini kampuni za simu zilikuwa zimeanza kugombania wateja hadi maporini, na wafugaji wote wakawa na simu kiunoni. Mzee akapata wazo kwamba daftari liingie kwenye simu. Binamu yangu aliyekuwa akimletea dawa kutoka Korogwe akamwambia yuko binti Masuguru anayeandika programu. Ndivyo nilivyojikuta kwenye chumba cha nyuma cha duka, kati ya maboksi ya sindano na magunia ya chumvi ya mifugo.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Unamjua ng'ombe?"

"Nimewahi kumwona."

Alifikiri kidogo. "Basi, itatosha kuanzia," akasema.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Huduma ya wavuti ni programu inayokaa kwenye kompyuta ya mbali ikingoja kuulizwa. Swali lenyewe huandikwa ndani ya anwani, anwani ya aina ile ile unayoiandika juu ya kivinjari. Chuoni tulifundishwa mtindo unaoitwa REST, na mwalimu wetu alisisitiza kwamba anwani nzuri ni ile iliyo safi, isomekayo hata na mtu. Mimi nilipenda usafi kupita kiasi. Nikapanga kwamba atakayetafuta ng'ombe, anwani yake itakuwa na neno tafuta, kisha jinsia, kisha rangi, kisha umri, kila neno likitengwa na jingine kwa mstari wa mshazari. Tafuta, jike, nyeusi, mtamba. Vigezo vitatu, kila kimoja kwenye kiti chake. Mfugaji angetuma ujumbe mfupi, kampuni moja ya Dar es Salaam ingeupokea na kuugeuza kuwa anwani ya namna hiyo, programu yangu ingetafuta kwenye orodha, na jibu lingerudi kwenye simu yake.

Niliijaribu kwa siku mbili kwa maswali niliyoyatunga mwenyewe. Ilijibu bila kukosea. Mzee akatangaza mnadani.

Wiki ile ile nilijua kwamba hakuna mfugaji anayemweleza ng'ombe kwa vigezo vitatu. Mmoja alituma neno moja tu, dume, akitaraji tumwelewe. Programu ilipoona viti viwili vitupu, ilijibu kwamba anwani haipo. Mwingine alituma maneno matano, nayo ikajibu vile vile. Wa tatu alituma matatu kamili, ila alianza na rangi, kwa hiyo programu ilitafuta ng'ombe ambaye jinsia yake ni nyekundu.

Nikaanza kuziba. Niliandika njia ya kigezo kimoja, kisha ya viwili, kisha ya vinne. Halafu nikaandika ya vitatu vinavyoanza na rangi. Kila njia ilikuwa na kipande chake cha programu, na vipande vyote vilifanana isipokuwa mstari mmoja au miwili. Ilipofika Ijumaa nilikuwa na vipande kumi na vinne, na kila nilipogundua kosa kwenye kimoja ilinibidi nikalitafute kwenye vyote. Mzee alichungulia mlangoni, akaniona nimeshika kichwa.

"Wamekuwa wengi?" akauliza.

"Nani, mzee?"

"Sijui. Hao unaowahesabu."

Siku ya mnada uliofuata ndipo alipoingia mama mmoja. Alikuwa wa jamii ya wafugaji wa tambarare, mtu mzima wa makamo, mrefu, shuka mbili begani na shanga zilizotulia shingoni, na simu yake ilining'inia kwenye kamba aliyoisuka mwenyewe. Mzee alimsalimu kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, "Takwenya, yeyo," naye akajibu, "Iko," kisha akahamia Kiswahili kwa ajili yangu. Ng'ombe wake alipotea wakati wa kiangazi, mifugo ilipopelekwa kunywa maji Pangani. Mume wake alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na ng'ombe yule ndiye aliyemwachia yeye binafsi, si wa boma zima. Alikuwa ametuma ujumbe mara sita. Mara zote simu ilimjibu kwamba anwani haipo.

"Mimi sikuuliza anwani," alisema. "Niliuliza ng'ombe."

Nikamwomba anieleze ng'ombe wake, mwanzo hadi mwisho. Akaanza, na nikaanza kuandika. Jike. Mweusi. Tumboni mweupe. Pembe ya kushoto imeinama. Sikio la kulia limechanjwa mara mbili. Nundu ndogo. Ncha ya mkia imekatika. Kovu la fisi kwenye paja. Ana kengele shingoni. Ana mimba. Na akiimbiwa wimbo wake anaitika.

"Mama, tuchague matatu yaliyo muhimu," nikamwambia.

Alinitazama kwa huruma. "Niache lipi?"

Nikamwangalia mzee, ambaye wakati huo alikuwa anamsikiliza mteja mwingine kaunta na daftari lake la zamani mbele yake, kwa sababu hakuwa ameliacha kabisa. Mteja alisema mbuzi, mzee akapitisha kidole kwenye kurasa za mbuzi. Akauliza, "Nini kingine?" Mteja akasema mweupe, mzee akaweka alama ya penseli pembeni mwa weupe. "Nini kingine?" Mteja akasema hana jambo jingine. Mzee akasema, "Haya," akasoma waliowekewa alama. Hakuwahi kumuuliza mtu ana mambo mangapi ya kusema. Aliendelea kuuliza mpaka yalipokwisha, na kama lilikuwa moja, alitafuta kwa hilo moja.

Nilimwomba yule mama arudi mnada ujao. Nikafuta vipande vyangu vyote kumi na vinne. Nakumbuka nilivyojisikia mwepesi, kwa sababu kufuta ni raha ambayo waandishi wa programu wachache hukiri.

Anwani mpya ilikuwa fupi. Neno tafuta peke yake, kisha alama ya kuuliza, na baada ya alama hiyo kila kitu kilikuja kwa jozi: jina la kigezo, alama ya usawa, na thamani yake. Rangi ni nyeusi, pembe ni iliyoinama, mkia ni uliokatika. Jozi zingekuwa moja au thelathini, na mpangilio wake haukuwa na maana. Programu yangu haikungoja tena viti vilivyopangwa. Ilipokea jozi zote zilizokuja zikiwa mkusanyiko mmoja, ikazipitia moja moja, na kwa kila moja ikapunguza orodha. Kipande kimoja cha programu, kisichofika hata ukurasa. Kikikutana na jina kisilolijua, kiliacha kulitumia na kumwambia muulizaji kwamba hilo hakikulielewa, bila kulikataa swali zima.

Nilimwonyesha mzee. Alisoma taratibu, miwani ikiwa puani.

"Inauliza 'nini kingine,'" akasema.

"Ndiyo, mzee. Imejifunza kwako."

Alijifanya hakusikia, lakini mchana ule alininunulia chipsi mayai, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Furaha yangu haikufika mnada uliofuata. Niliwaza sana juu ya maswali marefu nikasahau swali fupi kuliko yote, lile lisilo na kigezo chochote. Mchungaji mmoja alitaka kujaribu simu yake mpya, akatuma neno tafuta bila kuongeza kitu. Programu haikupata jozi ya kupitia, kwa hiyo haikupunguza kitu, na ikamtumia orodha nzima, kila ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda aliyeandikwa tangu daftari lianze, kila mmoja na ujumbe wake. Alikuwa amesimama katikati ya mnada. Simu ililia na kuendelea kulia. Alipoletwa dukani, wenzake walikuwa wamemzunguka, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akisema, "Huyo namjua, huyo ni wa mjomba," na mwenye simu akilia machozi kwa kucheka. Mbuzi wawili na dume mmoja walipata wamiliki wao mchana ule kwa njia hiyo. Mzee alisema tuliache kosa lile lilivyo. Nilimkatalia. Nikaweka kanuni kwamba asiye na kigezo ataombwa aeleze mnyama wake, na kwamba majibu hayatazidi matano kwa mara moja.

Yule mama alirudi kama tulivyoagana. Safari hii alituma ujumbe akiwa amekaa kwenye kiti changu, akiwa na vigezo vyake vyote kumi na kimoja. Jibu lilikuja upesi. Lilisema hakuna, na likamwonyesha walio karibu kwa jinsia na rangi: ng'ombe weupe watatu.

"Hawa ni weupe," alisema. "Wangu ni mweusi mwenye tumbo jeupe."

Nikaangalia. Alikuwa ametaja rangi mara mbili, nyeusi na nyeupe, na anwani ilizibeba zote mbili sawasawa, rangi ni nyeusi, rangi ni nyeupe. Lakini mkusanyiko wangu uliweka thamani moja kwa kila jina. Iliyokuja mwisho iliifuta ya kwanza. Kwa programu yangu, duniani hapakuwa na ng'ombe wa rangi mbili. Ilinichukua saa nzima kurekebisha, ili kila jina liweze kushika orodha ya thamani badala ya moja. Mama alikaa akinitazama, akinywa chai ya duka na kuniuliza kila nilipobonyeza kitu kama hapo ndipo ng'ombe alipo.

Akatuma tena. Jibu likawa fupi, hakuna, hata wa karibu.

"Sasa inasema kweli," mzee akamwambia. "Bado hajaandikishwa. Endelea kuuliza."

Akaendelea. Kila siku ya mnada aliuliza, kwanza mwenyewe kwa simu kutoka kwao, kisha akija dukani kutusalimia. Nilimzoea. Alinifundisha majina ya rangi za ng'ombe ambayo Kiswahili changu hakikuwa nayo, nami nikayaongeza kwenye programu, na kwa kuwa sasa vigezo havikuwa na idadi maalumu sikulazimika kubomoa kitu. Vuli ilianza, majani yakaota hadi mlangoni pa duka, na jibu lake likabaki lile lile. Nilianza kuogopa siku za mnada. Niliona aibu kuwa mtu wa kumletea jibu lile kila wiki, ingawa yeye mwenyewe alilipokea bila kukunja uso na kuuliza habari za mama yangu.

Aliyegundua ni mzee. Hakuwahi kuiamini kompyuta kiasi cha kuacha kusoma mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alisoma walioandikishwa wapya kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Asubuhi moja aliniita kabla sijaweka hata mkoba chini.

"Njoo uone huyu. Ameokotwa. Anayemtunza yuko Kwashemshi, kule mlimani."

Nikasoma. Ujumbe ulikuwa na maneno matatu: ng'ombe, kengele, ndama.

"Yule mama ng'ombe wake ana kengele," mzee akasema. "Jana kauliza, na huyu ameandikwa tangu juzi. Kwa nini mashine haikumtoa?"

Nilikaa chini nikafikiri, na nilipopata jibu nilisikia joto usoni. Programu yangu ilipunguza orodha kwa kila kigezo kilichoulizwa. Mama aliuliza pembe iliyoinama, na ng'ombe wa Kwashemshi hakuandikiwa pembe, basi akaondolewa. Hata kama hilo lisingemwondoa, sikio lingemwondoa, au mkia. Nilikuwa nimeruhusu idadi yoyote ya vigezo kwa anayeuliza, nikasahau kwamba na aliyeandikisha naye ana idadi yake. Mama wa watu, kadiri alivyomweleza ng'ombe wake vizuri, ndivyo nilivyozidi kumficha.

"Lakini mzee, mama hakusema ndama. Alisema mimba."

Mzee akanyoosha vidole akahesabu miezi tangu kiangazi. Alifika kidole cha tano akasimama. "Mimba ya wakati ule," akasema, "saa hizi inanyonya."

Nilibadilisha programu siku ile ile. Kigezo kilichoulizwa kikipingana na kilichoandikwa, mnyama anaondoka. Kikiwa hakikuandikwa, mnyama anabaki. Kila kinachoafikiana kinampa nafasi ya juu zaidi kwenye majibu. Kisha nikaliuliza swali la mama mimi mwenyewe, vigezo vyote kumi na kimoja. Ng'ombe wa Kwashemshi alikuja wa tatu kwenye orodha, nyuma ya wawili ambao mzee aliwajua kwa sura na kuwakataa palepale.

Tulimpigia mama simu. Akauliza kama mwenye kumwokota alisema kengele ina sauti gani. Nikamwambia hatujui. Akasema anakuja.

Tulikwenda watu watatu kwa gari dogo la mzee lenye tela, tukapitia Korogwe. Nilisimama Masuguru kumsalimia mama yangu, ambaye alimtazama mgeni wangu, akaitazama tela, akaniuliza pembeni kama hii ndiyo kazi ya kompyuta. Nikamwambia ndiyo. Akatufungia machungwa kwenye mfuko.

Barabara ya Kwashemshi inapanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo yule mama alivyofunga shuka yake vizuri na kuangalia migomba kwa mashaka. Alisema hajaelewa ng'ombe wake angekuja kutafuta nini huku, mahali ambapo mguu mmoja unakuwa juu kuliko mwingine.

Tulipokelewa na mzee mfupi wa Kishambaa, kofia kichwani na fulana safi iliyopigwa pasi. Mke wake alituletea viti na ndizi za kuchemsha kabla hatujasema tulichofuata. Shikamoo zilipokwisha, mwenye nyumba alieleza. Alikuwa na shamba la mahindi bondeni, karibu na mto. Asubuhi moja wakati wa kiangazi alimkuta ng'ombe amesimama katikati ya mahindi yake, peke yake. Alimpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, wakatangaza, hakuna aliyetokea. Mwenyekiti akamwambia amtunze. Alimpandisha mlimani polepole kwa siku mbili, akamjengea banda nyuma ya nyumba. Ndama alizaliwa pale. Habari za huduma yetu alizisikia kwa jamaa yake wa Korogwe.

"Lakini, mzee wangu," nikamuuliza, "mbona uliandika maneno matatu tu? Hukuandika hata rangi."

Akatabasamu. "Ningeandika rangi, na pembe, na masikio, wangekuja watu kumi kusema ni wao. Nilitaja kengele ili mwenyewe ashtuke. Mengine nimeyaweka." Akamgeukia yule mama. "Kwa heshima, mama, nieleze ng'ombe wako."

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba na hakuna aliyeweza kuliona tulipokaa. Mama akaweka ndizi yake chini. Akaanza tangu mwanzo, taratibu, kwa mpangilio ule ule alionitajia mimi. Kwa kila jambo mwenyeji alikunja kidole, na mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitikisa kichwa kukubali. Jike. Mweusi. Tumbo jeupe. Pembe. Sikio. Alipofika kwenye mkia yule bibi alicheka peke yake. Alipofika kwenye kovu la fisi mwenyeji alisema, "Nilidhani ni moto," akakunja kidole.

"Na kengele," akauliza, "ndani yake kuna nini?"

"Msumari," mama akasema. "Ulimi wake ulikatika. Mume wangu alikunja msumari mrefu akautia. Kwa hiyo hailii vizuri. Inagonga."

Mwenyeji akainuka. "Twende," akasema.

Ng'ombe alikuwa amelala kwenye nyasi kavu, mbele yake rundo la majani ya mabingobingo yaliyokatwakatwa vizuri, ndama mweusi ubavuni. Alikuwa amenenepa. Alitutazama bila kujali. Mama alisimama kwenye kizingiti cha banda akaanza kuimba kwa sauti ya chini, maneno ya Kimaa niliyoyasikia kwa mara ya kwanza. Ng'ombe aliacha kutafuna. Akasimama, kwanza kwa nyuma kama wasimamavyo ng'ombe, kengele ikagonga mara mbili, akalia mlio mrefu. Kisha akaja.

Sikumwona yule mama uso wake kwa sababu aliuficha shingoni mwa ng'ombe. Bwana mifugo wangu alitoka nje akasema anakwenda kuangalia matairi. Mimi nilibaki nimesimama na yule bibi, ambaye naye alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kanga, maana ndiye aliyekuwa akimkamua na kumkatia majani kila siku.

"Tulimwita Mgeni," aliniambia.

Mazungumzo ya kuagana yalichukua muda kuliko safari. Mama alitaka kutoa shukrani, wenyeji wakakataa kutaja chochote, naye akakataa kuondoka. Mwisho alitamka mwenyewe. Yule ndama alikuwa jike. Mzao wake wa kwanza jike atapandishwa mlimani, aje kukaa kwenye banda hili. Wenyeji wakakubali, wakashikana mikono, na yule bibi akafunga mzigo wa mabingobingo kwenye tela kwa sababu, alisema, Mgeni hajazoea kula kitu kingine.

Njiani kurudi mama alikaa nyuma kwenye tela pamoja nao, akikataa kiti cha mbele. Kila tulipopunguza mwendo tulimsikia akimgombeza ng'ombe kwa unene wake.

Huduma yetu iliendelea kwa miaka kadhaa, mpaka watu walipoanza kutumiana picha za mifugo kwenye makundi ya simu na kutohitaji maneno tena. Mzee hakuhuzunika. Alisema picha haina mimba wala wimbo, lakini inafika upesi. Mimi nilihamia kazi nyingine, na hadi leo ninapoandika huduma mpya huanza kwa kujiuliza itafanyaje vikija vigezo vingi kuliko nilivyotaraji, na itafanyaje kisipokuja chochote. Ahadi ya mama ilitimizwa. Niliambiwa na mzee kwamba mtamba alipandishwa Kwashemshi akiwa na kengele mpya, na kwamba huko amepewa jina la Mwenyeji.

Wiki moja baada ya safari ile, simu ya duka iliita asubuhi. Alikuwa yule mzee wa Kwashemshi.

"Binti, hiyo mashine yako inatafuta na punda?"

"Inatafuta, mzee wangu. Umepotelewa?"

"Si mimi, ni jirani yangu. Yuko hapa pembeni yangu. Ana mengi ya kusema."

"Mpe simu," nikamwambia, nikavuta kiti na kuiweka kompyuta sawa mapajani. "Aanze popote anapopenda."